Habari za Mchezo Ulioukosa, Siwema

Mtani wangu Siwema,

Kwanza nikuambie kabisa kwamba hii si barua ya kukulilia. Kukulilia nilikulilia siku ile nyumbani kwenu Kaole, mbele za watu, na aibu yake ninayo mpaka leo. Hii ni barua ya kukutania, kama ilivyo haki yangu na kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Basi tulia unisikilize. Huwezi kunijibu, na hilo peke yake ni jambo jipya baina yetu.

Unaijua kazi ya mtani msibani. Babu yangu alikuja Bagamoyo kutoka Unyamwezi na pembe ya ndovu kichwani, akaupenda mji, akaoa, hakurudi tena. Nyinyi Wazaramo mlikuwa watani wetu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Mzaramo akifa, Mnyamwezi huingia nyumbani kwake bila ya kupiga hodi, akajifunga kanga ya marehemu, akatembea kama yeye, akatia chumvi ya kupita kiasi kwenye chungu cha wali na kumsingizia maiti, mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki. Siku ile nilipoingia ndani, wanawake wote waliokaa mkekani waliinua vichwa. Mama yako, Bi Tatu, alinitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri mimi tu. Nikafungua mdomo, nikalia. Nililia mpaka wakanishika mabega wakanikalisha ukutani, mimi niliyekuja kuchekesha watu! Mama yako akasema polepole, wala hakunilaumu: "Mtani wa mwanangu akilia, basi kweli mwanangu amekufa."

Siwema, neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa changu. Matanga yakaanuliwa, arobaini ikasomwa, na kila nilipokuja kumjulia hali mama yako nilimkuta uani, kajiinamia, ungo mapajani, mchele uleule. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, basi. Majirani wakaniambia tangu siku ile hajacheka, hata kwa bahati mbaya. Nikajua kazi ile ilikuwa yangu, nami nimeiharibu. Mtu hatanii kwa kupangiwa siku, na kila nilipojaribu kukutania mbele yake, sauti ilikatika.

Sasa nikukumbushe tulivyoanza, maana najua ungenikatiza hapa useme nasimulia vibaya.

Tulikuwa darasa la sita, wewe Kaole, mimi mjini, mwalimu yule wa kutoka Unguja, aliyefundisha shule zetu zote mbili, alipotuletea mchezo wa raundas. Vigingi vinne, mpini wa jembe uliokatwa, na mpira wa matambara uliosokotewa kamba ya usumba wa nazi, ukikupata mguuni unachechemea mpaka Ijumaa. Unaupiga, unakimbia, ukivizunguka vigingi vyote kabla hawajakugusisha mpira umepata bao. Wazee wakaja juu: mabinti wakimbie uwanjani kama wana wa mbuzi? Mwalimu akakubaliana nao mambo mawili. Uwanja uzungushiwe makuti, wanaume wasione. Na msichana yeyote anayekimbia vigingi, kanga yake ikianguka kutoka kichwani, huyo ametoka, hata kama amebakiza hatua moja. Wazee wakaridhika. Sisi tukapata sheria ambayo nadhani haipo popote pengine duniani.

Sheria hiyo ndiyo iliyonimaliza katika mchezo wetu wa kwanza. Nilipiga mpira ule ukaenda kugonga makuti ya upande wa pili, nikakimbia kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu, wenzangu wanapiga vigelegele, na nilipokikaribia cha nne nikasikia upepo masikioni. Kanga ilikuwa nyuma yangu, mchangani. Mkashinda kwa bao moja. Wewe ulikuja mpaka nilipokaa nikilia, nikadhani unakuja kunipoza, ukaniambia: "Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora hakuiangusha, wewe kanga moja inakushinda?" Nilikuchukia siku mbili nzima. Ya tatu nikakutumia maembe.

Lakini wewe nawe! Wewe ulikuwa huachi kanga ianguke, maana ulikuwa unaing'ata. Pembe moja ya kanga menoni, mkono wa kulia umeshika fundo la kiunoni, mkono wa kushoto unapiga hewa, magoti yametoka nje huku na huku. Ulikuwa wa shoto, na bibi zako walikwisha kukata tamaa ya kukurekebisha. Ukikimbia hivyo hata kuku wa jirani walikuwa wanapisha. Katika mchezo wa pili, hapa mjini, mwenzako alikuwa kigingi cha tatu na mpira ulikuwa tayari mkononi mwangu. Ulipaswa kumpigia kelele asimame. Ukaguna tu. Ulikuwa umeuma kanga, na kuiachia hutaki. Yule maskini akakimbia akaja moja kwa moja mikononi mwangu, tukashinda kwa bao moja. Nilikuambia Mzaramo akisikia ngoma huacha chungu motoni, ila wewe ni wa kwanza kumwacha mwenzako motoni kwa ajili ya kitambaa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Wa tatu tulitoka sare, na kila mmoja wetu alisema kwamba kwa haki yeye ndiye aliyeshinda. Tulilibishania jambo hilo miaka kumi. Tulilibishania harusini kwako, wewe ukiwa umefunikwa na hutakiwi kusema neno. Tulipokuwa walimu, wewe kwenu, mimi hapa, tuliwapa wanafunzi wetu ugomvi wetu wauendeleze, na kila mwaka ikawa bao moja, huku au kule. Mwaka huu ilikuwa zamu ya uwanja wenu. Halafu ikaja homa ile ya siku nne, na wewe, mtu usiyekubali kutoka hata ukiguswa na mpira, ukatoka.

Haya, nimeshakaribia kulia tena. Turudi kwenye matusi.

Mwezi mmoja kabla ya siku ya mchezo, walikuja wasichana wako watatu shuleni kwangu, kwa miguu kutoka Kaole, jua kali. Mbele yao Mgeni, yule mrefu uliyemfanya kiongozi wao. Wakanisalimia kwa adabu mpaka nikashuku. Mgeni akasema: "Mwalimu, mkuu wetu anasema kama hakuna wa kutufundisha, mchezo mwaka huu usiwepo. Tumekuja kukuomba wewe." Nikamwambia mimi ni mtu wa upande wa pili, je hawajui? Akasema: "Mwalimu Siwema alituambia hakuna anayejua namna ya kutufunga kama wewe. Basi utakuwa unajua na namna ya kutuzuia tusifungwe." Tazama vitoto ulivyovilea. Nikakubali.

Nikawa naenda Kaole siku tatu kwa juma, baada ya alasiri, na siku zilizobaki nawafundisha wangu. Walimu wenzangu walinicheka. Wanafunzi wangu hawakucheka. Zuhura, mdakaji wangu hodari, alininunia waziwazi, na siku moja nikamsikia akiwaambia wenzake: "Mwalimu katuuza kwa Wazaramo." Nikamwita, nikamweleza kwamba ninakwenda kwa ajili ya marehemu, na kwamba mchezo usio na mpinzani ni kuruka kamba tu. Akanijibu kwa heshima zote: "Ndiyo mwalimu. Lakini unawafundisha vizuri mno." Hapo alikuwa na haki. Niliwafundisha wako kila nilichowafundisha wangu, na vitu vyako vichafu pia: kumwangalia mrushaji machoni na kutabasamu, kujifanya umeumia kifundo kisha ukafyatuka. Samahani, si vichafu. Wewe uliviita busara.

Nyumba yenu iko njiani. Kila nilipopita nilimwambia Bi Tatu siku ya mchezo ni fulani, na kila mara alisema: "Inshallah." Unamjua mama yako, inshallah ile ilikuwa na maana ya hapana.

Siku ikafika. Makuti yalikuwa mapya, wanawake wamejaa, wa Kaole upande wa kibla na wa mjini upande wa minazi, vijembe vinaruka kama kawaida. Mimi sikujua nikae wapi. Nilisimama katikati kama ng'ombe aliyepotea zizi, mpaka Zuhura mwenyewe akaniambia: "Kaa nao, mwalimu. Wao ndio hawana mtu." Nikakaa upande wako, Siwema. Nilikaa mahali pako na pakaniwasha mchezo mzima. Wa mjini wakipata bao namezea kigelegele, wa Kaole wakipata namezea vilevile.

Mchezo ulikuwa katikati nilipoona majirani wawili wanaingia na Bi Tatu, wamemshika huku na huku. Alikalishwa mbele. Uso wake ulikuwa uleule wa uani. Nadhani walimleta kwa nguvu, na mimi nikatamani wasingemleta, maana sasa nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja, mwisho wa mchezo na uso ule.

Mwisho tukawa sawa, bao saba kwa saba, amebaki Mgeni peke yake wa kupiga. Akaupiga. Haukuwa mpigo wa kusifiwa, uliviringika tu. Akakimbia, kashika kanga kwa mikono yote miwili, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na mpira ukarushwa kwa Zuhura aliyesimama kigingi cha nne. Zuhura akaudaka. Nakuapia aliudaka, ulikuwa mkononi mwake, na Mgeni alikuwa bado hatua tatu. Kulikuwa hakuna kingine cha kufanya ila kunyoosha mkono. Wakati huohuo kanga ya Zuhura ikateleza. Anayedaka hatoki kwa kanga kuanguka, sheria si yake, anajua, nimemwambia mara mia. Lakini mkono wa mtoto aliyelelewa vizuri haungoji sheria. Mikono yote miwili ikaruka kichwani, mpira ukadondoka mchangani, na Mgeni akapita.

Kaole nane, mjini saba.

Nilingojea vigelegele. Havikuja. Wasichana wako walikusanyika kwenye kigingi cha nne, wakatazama mahali nilipokaa, mahali pako, na mmoja akaanza kulia, kisha wote. Wameshinda na wanalia! Wanawake wa Kaole wakafunika nyuso. Hata wa mjini, waliokuwa na haki ya kulia, wakaacha vijembe. Nikamtazama mama yako. Alikuwa anatazama mchanga.

Sikupanga, Siwema. Wallahi sikupanga. Nilijikuta nimesimama, nimeuma pembe ya kanga, mkono wa kulia kiunoni, mkono wa kushoto unapiga hewa, na ninakimbia. Mwalimu mzima, mke wa mtu, magoti nje, naguna "mm! mm!" kama wewe siku ile kwa mwenzako. Nikafika kigingi cha kwanza, kimya. Nikafika cha pili, nikasikia mtu mmoja anapaliwa na kicheko. Nikapunga ule mkono wa shoto nikampiga nao kichwani bibi mmoja wa watu. Nilipokuwa nakaribia cha tatu, sauti ikatoka mbele, kali, ya mtu aliyekasirishwa:

"Siyo hivyo! Goti! Goti la kushoto lilikuwa linatoka zaidi!"

Alikuwa Bi Tatu. Alikuwa amesimama. Akawasukuma wale majirani wawili, akavua viatu, akajikaza kanga, akasema: "Nyie Wanyamwezi hata kuiga hamjui," na akakimbia mwenyewe, mama yako, mwenye maumivu ya nyonga, akakimbia kama wewe kutoka kigingi cha tatu mpaka cha nne, goti la kushoto likienda upande wa bara na yeye akienda upande wa kibla. Uwanja mzima ulianguka. Wasichana wako walicheka na machozi yao yaleyale mashavuni. Yeye alipofika kigingi alikishikilia asianguke, akacheka mpaka hana sauti, kisha akaniangukia mimi, na hapo ndipo tulipolia wote wawili, kilio chepesi ambacho mtu anatoka nacho akiwa na njaa. Na kweli tulikwenda kwenu tukala. Nilitia chumvi nyingi kwenye mchuzi. Nikasema umetia wewe.

Basi hizo ndizo habari. Nenda salama, mtani wangu, na Mungu akuneemeshe huko kuliko ulivyostahili. Machozi ya siku ile unisamehe, yalikuwa ya kweli lakini hayakuwa kazi yangu. Mwakani Mgeni atakuwa mwalimu msaidizi, amekwisha kukubaliwa, na Kaole itakuwa na mtu wake. Mimi nitakaa kwetu. Nakuahidi, tena kwa kiapo, kwamba nitawafunga wanao bila ya huruma hata chembe, na nikimaliza kuwafunga nitakwenda kumtania mama yako mpaka aniambie nimekosea.

Mimi mtani wako,
Mwanahawa