Mume Wangu Amenisahau, Sasa Ananiposa Upya

Shangazi Sughra mpendwa, nisaidie, lakini niache kwanza nicheke, maana nikianza kulia sitaweza kuandika. Mume wangu Latafat ni fundi viatu hapa Agra, kazi tunaifanya nyumbani, chumba kimoja, yeye anapaka gundi mimi nabandika soli, na dirisha tumeliziba kwa gunia na feni hatuwashi hata jua likichoma, kwa sababu upepo ukiingia gundi inakauka kabla soli haijashika, ndivyo baba yake alivyofanya na ndivyo mtaa mzima unavyofanya, na nikilalamika kichwa kinazunguka ananiambia, "Bibi wee, fundi asiyelewa kwa gundi bado mwanafunzi!"

Sasa tangu majira ya baridi amekuwa kituko. Asubuhi ananiletea petha, ile halua ya boga, adhuhuri ananiletea tena, jioni anaingia kaificha mgongoni, "Fumba macho, nina kitu!" na mimi nafumba, nitafanyaje, naipenda, nimenenepa. Juzi alishona dazeni nzima ya viatu vya mguu wa kushoto, binti yetu Gulnaz, ambaye siku hizi anafanya kazi nasi humo humo, akaanguka kwa kicheko, "Baba, umepata oda ya watu wa mguu mmoja?" na yeye akacheka kutushinda.

Na kubwa kuliko yote, amesahau ugomvi wake na kaka yangu Ikram! Walikuwa hawasemezani tangu Latafat amshonee viatu vya harusi vikalia njia nzima, na Ikram akasema mbele ya wakwe, "Shemeji, umenivisha vyura." Mwezi uliopita Ikram kapita mlangoni, Latafat akamkumbatia, "Shemeji, ulipotelea wapi?" Nyumba imejaa vicheko, Shangazi, sijapata kuwa na furaha hivi, sasa nikimpeleka kwa daktari akapona, si atakumbuka vyura?

Ila jana aliniangalia kwa haya, akasema, "Mrembo, umeolewa? Mimi nakuposa." Nikacheka hadi nikashika ukuta. Kisha akaniuliza, "Jina lako nani?" na hakuwa anatania. Nifanyeje?

Shahnaz, Agra

Shahnaz mwanangu, nimecheka na vyura wako mpaka chai imenimwagikia, kisha nikafika kwenye jina, nikaiweka barua chini.

Una akili wewe, au nawe umeshalewa? Mnajifungia na gundi, kichwa kinazunguka, halafu mnaita ufundi! Mvuke ule ni sumu. Mtu akiuvuta miaka na miaka unaweza kumharibia ubongo na kumletea usahaulifu usio wa umri wake. Mimi si daktari. Huenda ni gundi, huenda ni kitu kingine, tena huenda kinatibika. Ndiyo maana utampeleka hospitali wiki hii, na utamweleza daktari habari ya gundi na lile gunia bila kuficha, maana asipoambiwa hatajua. Gulnaz atoke chumbani humo leo, si kesho. Kazi ipandishwe darini, juu ya paa, kwenye hewa, na gundi ikikauka upesi, pakeni kidogo kidogo. Kopo lifunikwe, na chakula kiliwe mbali nalo.

Eti akipona atakumbuka vyura! Na akumbuke! Mume anayegombana na shemeji yake ni mume aliyepo. Ikram ataomba radhi, kwani alivuka mpaka, na Latafat naye akiri kwamba vililia.

Najua atakataa kutoa gunia. Basi ngoja akupose tena, na usimkatalie. Mwambie, "Nimekubali, ila mahari yangu si dhahabu, ni dirisha wazi na safari ya hospitali," na mwite Ikram awe shahidi. Akishasema "nakubali" mara tatu, kama kwenye nikaha, asipewe nafasi ya kupumua: gunia chini, mtu kwenye riksho, twende. Njiani mtajie jina lako. Akilisahau, mtajie tena. Ni jina zuri, Shahnaz, na kwa sasa wewe ndiye wa kumtunzia.