Shangazi, Hukukubali Nichukuliwe

Shangazi yangu mpenzi,

Yeo nimefundisha ufahamu katika darasa lako pale Kipungani, na chaki imenijaa kwenye buibui kama ilivyokuwa ikikujaa wewe. Wallahi nimekukumbuka mpaka nimesahau kuita majina.

Ulikuwa na maneno, wewe! Mtoto akichelewa unamwambia, "Karibu bwana mkubwa, skuli nzima ilikuwa yakungoja." Darasa likishacheka unauliza, "Nimetumia nini hapo?" Nasi kwa sauti moja, "Kejeli!" Tashbihi ulisema ina adabu, hubisha hodi kwa "kama" au "mithili ya." Sitiari haina hodi, yaingia hadi jikoni. Mpaka yeo sijasikia mwalimu aliyeieleza vizuri kuliko hivyo.

Lakini nikwambie ninalolikumbuka zaidi. Sisi tulitoka chuoni kwa maalim, tulikosomea Kurani, na huko sifa ni kuhifadhi. Basi ukitupa habari ya kusoma, tulikuwa tunaihifadhi yote. Ulitupa ile ya msichana anayefagia ua huku babake yuko hospitali. Swali lilikuwa: msichana yuko katika hali gani? Mimi niliandika aya nzima bila kupoteza neno, nikajiona bingwa. Ukanipa sifuri.

Baba alipojua akaja juu, akanishika mkono mpaka nyumbani kwako. Ulikuwa dadake mkubwa lakini siku hiyo hakujali.

"Dada, mtoto amehifadhi habari yote, nawe wampa sifuri? Yeo namtukua, akasome Amu mjini."

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kubaki kwako kuliko kitu chochote, na nilijua Baba akisema jambo halirudi nyuma. Wewe hukupandisha sauti. Ulimsogezea kiti.

"Kuhifadhi kwake nakuonea fahari, ndugu yangu. Keti kwanza. Utamtukua akishanijibu."

Ukanigeukia na swali lile lile. Nikaanza kughani aya.

"Hiyo nimeisikia. Hebu niambie wewe waona nini."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninaona nini. Baba akakohoa. Nikasema huku machozi yananilenga, "Ana hofu, Shangazi. Ua ulishafagiwa asubuhi, naye aufagia tena. Mama alipokuwa mgonjwa, mimi nami nilikuwa naosha vyombo vilivyo safi."

Baba aliinamisha kichwa. Hakuwa akilijua hilo, maana nyumbani tulikuwa hatulizungumzi. Wewe ulinifuta uso kwa ncha ya mtandio wako, ukasema tu, "Ahsante, mwanangu. Huo ndio ufahamu." Baba akavaa ndara zake, akaenda zake bila mimi.

Shangazi, nimesoma vyuo na nimekaa mbele ya wakufunzi wakubwa. Sijaona mtu aliyemheshimu mtoto hivyo, akanyamaza akamngojea mpaka akaipata sauti yake. Nami najaribu. Nina msichana hapa ananikariria kila kitu, na kuna siku subira yanishinda, natamani nimjibie. Hapo ndipo ninapojua ulikuwa mtu wa namna gani. Nakuhusudu, Mungu anisamehe.

Kuna jambo hukulisikia, nami sitaki likupite. Siku tuliyokuzika, watu walipokuja kumpa Baba mkono, alikuwa akiwapokea mmoja mmoja. Mwalimu mmoja wa mjini akamwambia umeacha pengo. Baba akanitazama, kisha akamjibu mbele ya wote: "Nilikwenda kwake kumtukua mwanangu. Alhamdulillahi, hakunipa."

Mola akulaze pema, Shangazi. Nakupenda.

Mimi, mwana wa nduguyo