Kioo cha Kwanza

Endarasha,
Jumatatu.

Kwa mjukuu wangu Lynn,

Salamu za nyumbani zikukute umekaa chini. Mimi niko, goti tu ndilo linanisumbua. Viazi vimechomwa na baridi, lakini ng'ombe amezaa ndama wa kike.

Naandika kwa mkono wangu, kwa hivyo usicheke herufi. Simu ni ya mjomba wako Muchiri na haya hayamhusu. Ameniambia ati tangu urudi chuoni Kutus, kila chai unayokunywa ina ladha ya udongo, na shavu limekufa ganzi kwa ndani. Ati daktari haoni kitu.

Unakumbuka ulivyoleta ile hadubini ya kuazima. Ulinikwaruza shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba kama mtoto mchafu, ukakipaka kwenye kioo, ukatia tone la rangi ya buluu, ukateremsha juu yake kioo kingine chembamba, upande upande, ati hewa isiingie. Nikachungulia. Niliona vitu vimelala vimebanana, kila kimoja na jicho katikati, vyote vinaniangalia. Ukasema huyo ni mimi, ukacheka. Kisha ukaenda zako ukaacha vioo viwili dirishani, changu na chako, namba moja na namba mbili, kama vikombe visivyooshwa. Nani alikulea hivyo? Kwetu hata kucha haiachwi ovyo.

Basi nilichukua changu nikakizika kando ya kaburi la babu yako, pale mahali pangu nitakapolazwa. Nilichukua namba moja. Mimi ndiye mkubwa, na mkubwa huanza. Ni juzi tu, kusikia habari yako, nilipokumbuka ulijikwaruza wewe kwanza, kunionyesha haiumi.

Lynn, ni wewe niliyekuzika.

Jana baada ya kanisa nilichimba. Kioo kilikuwa pale, kizima, na kile chembamba bado kimekishika. Lakini katikati hapakuwa na buluu wala chochote. Safi, kama kimerambwa. Nimekifunga kwa leso, Muchiri atakuletea pamoja na barua hii. Usikiache dirishani tena.

Shimo sikuliacha tupu. Babu yako hakuwa mtu wa kunyang'anywa kitu akanyamaza. Nimemwekea namba mbili, nikamwambia huyu ndiye wako, mtoto mwache.

Usinigombeze, mimi ndiye hugombeza. Kesho asubuhi unywe chai, umwambie Muchiri iko aje. Yangu ya leo nimeimwaga. Ilikuwa na udongo.

Soma, na uvae sweta.

Ni mimi cucu yako,
Wakonyo