Jina la Mama Chini ya Chungu cha Mama Mdogo

Windhoek, Jumapili mchana

Kaka Gwamaka,

Ndaga fijo, asante sana kwa salamu zako ambazo hazikunifikia. Mimi ni mzima, kazi ya mapokezi hapa hotelini inaendelea, na baridi imeanza kukaza. Afya yako sikuulizi, maana mama ameniambia jinsi unavyocheka huko. Nakuandikia kwa hasira, nisikufiche.

Nimefungua shajara yangu nisije nikakusingizia. Wiki tatu zilizopita, Jumapili, niliandika: "Tovuti ya vyungu imekamilika. Nimemwomba kaka aiangalie kwenye simu yake." Jumatatu: "Kaka amejibu, iko safi." Maneno mawili tu. Nikakuamini, kwa sababu simu yangu ni ya vitufe, na kompyuta ya hapa kazini ina kioo kipana.

Kwenye kioo hicho picha sita zilikaa kwenye mstari mmoja, na majina ya wafinyanzi kwenye mstari wa pili chini yake. Jumatano ya wiki hii mama alinipigia akilia. Alipokata, nilishika ukingo wa dirisha la brauza nikalibana mpaka likawa jembamba kama simu. Picha tatu zikashuka chini. Majina nayo yakakatika, lakini si mahali pale pale, kwa kuwa mengine ni marefu. Chungu cha mama mdogo Tumpe, chenye mikanda myekundu shingoni, kikakaa juu ya jina la mama. Kosa hilo ni langu. Sikuwahi kulibana dirisha hata mara moja kabla ya kukutumia.

Lakini wewe uliliona siku ile ile uliyonijibu "iko safi". Ukaenda na simu uwanjani, wanawake wakipanga vyungu vya kuchoma, ukamwambia mama mdogo mbele ya wote: "Njoo uone dada yako alivyo fundi, mpaka mikanda yako ni yake!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia mama: "Dada, miaka yote tunachoma moto mmoja, kumbe kazi yangu unaiita yako?" Akatoa vyungu vyake kwenye rundo, kimoja kimoja.

Tangu hapo anachoma peke yake. Mama naye yuko peke yake, hana wa kumsaidia kuzuia moto upepo wa ziwa unapogeuka. Vyungu vinne vimempasukia.

"Ni utani tu, mama." Ndivyo ulivyomwambia. Ujumbe mmoja kwangu ungetosha, na ningelirekebisha siku ile ile. Hukutuma kwa sababu ulitaka picha yako ikae juu kabisa ya ukurasa, nami nikakataa. Wewe hujawahi kufinyanga hata kifuniko.

Jana nimerekebisha. Kila picha na jina lake nimeviweka ndani ya kisanduku kimoja, vikishuka vinashuka pamoja. Nimelibana dirisha kidogo kidogo, nikalipanua tena, na kila hatua nimeiandika shajarani. Hakuna jina lililohama. Na pale wateja wanapoelekezwa mtu wa kumpigia, jina lako nimelifuta, nimeweka la mama.

Nimempigia mama mdogo, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitaamini nikiona," akakata simu. Pale nyumbani mwenye simu ya kuonyesha ukurasa ni wewe peke yako. Kwa hiyo ukishasoma barua pepe hii, nenda pale pale uwanjani, mbele ya wale wale waliocheka. Mwambie uliona nini, na uliona lini. Kisha mwachie simu mkononi aigeuze mwenyewe, wima na ulalo, mpaka aridhike. Usimwelekeze.

Msalimie shemeji, simlaumu kwa lolote. Mama mwambie nakula vizuri. Mama mdogo usimpe salamu zangu, mpe simu.

Mdogo wako,
Atupele