Jua la Mlango wa Darasa la Pili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, umekaa kivulini, na lile goti limekupa nafuu. Shemeji hajambo? Na wanangu huko, bado wanagombania kiti cha mbele ya runinga? Sisi huku hatujambo. Kikohozi changu kimepona, na jana shule ilifungwa kwa likizo ya mavuno, ndiyo maana nimepata wasaa wa kukuandikia kwa kituo. Nina mambo ambayo kwenye simu ningeyakatisha njiani.

Unaijua desturi yetu: kabla ya likizo hii kila darasa hupamba mlango wake, mwalimu mkuu hupita kukagua, na washindi hupewa mpira mpya. Mwaka huu nilipania. Tulibandika karatasi za manila mlango mzima, tukachora shamba la mahindi, ndege, na jua la njano linalocheka meno yote nje. Ulipendeza, dada. Nilirudi nyuma hatua chache nikautazama, nikajisemea moyoni kwamba darasa la tano safari hii watatutambua.

Sasa, katika darasa langu yupo msichana aliyehamia kwetu muhula huu. Haoni, amezaliwa hivyo. Wenzake wamempa jina la Mkaguzi, naye analipenda, maana hakuna kitu kinachoingia darasani asikipitishie mkono na kukitolea hukumu. Usidhani ni mtoto wa kuonewa huruma. Ana ulimi wa pilipili, na ukimpa chaki iliyovunjika atakurudishia. Siku tuliyochora mlango hakuwapo, alikuwa na homa. Alipopona, wenzake walimshika mkono wakamkimbiza hadi mlangoni, wakasimama kumzunguka wakisubiri sifa. Akapitisha viganja kuanzia kwenye kitasa hadi alipofikia, akarudia tena taratibu. Kisha akasema, bila kinyongo:

"Mbona ni mlango uleule wa siku zote?"

Mimi niliyewafundisha rangi zote nikaupapasa: karatasi laini tu. Kijana mmoja tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, akashika pembe ya manila akaanza kuibandua. Nilitaka kumzuia, kazi yenyewe ilikuwa ya kutwa nzima, lakini alikwisha kufika katikati. Wenzake wakamfuata. Mara shamba letu lote likawa chini, na hakuna aliyelia.

Kesho yake walikuja na mizigo kama wanahama. Maganda makavu ya mahindi, punje, maharage, manyoya ya kuku, vipande vya gunia, pamba iliyochomolewa kwenye mto wa nani sijui. Nikapika gundi ya uji wa unga wa ngano kwenye jiko la shule, tukaanza upya. Chini tukabandika mchanga, juu yake mashina na maganda, kisha manyoya yawe ndege. Mkaguzi alisimamia kila kitu. Ndege mmoja alimkataa, akisema amelala chali.

Tulipofika kwenye jua tukakwama. Redio alileta mfuniko wa sufuria. Mkaguzi akaupapasa, akasema huo ni mfuniko. Wakamuuliza, basi jua likoje? Akafikiri, akasema yeye hajui kama lina umbo. Jua ni kile kinachomkuta usoni akitoka nje asubuhi. Ndipo binti mmoja, ambaye muhula mzima sikuwahi kumwona akinyoosha kidole, akasema polepole kwamba mlango wetu unatazama mashariki, na bati hupata joto mapema. Seremala wa shule akatukatia kipande cha bati kuukuu, akakunja kingo zisikate, akakipigilia juu kabisa.

Asubuhi ya ukaguzi tulimpandisha Mkaguzi juu ya kigoda. Mkono wake ukaanza mchangani, ukapanda kwenye maganda, ukapita kwa ndege, ukafika kwenye bati. Ukatulia hapo. Uso wake ulifunguka, dada, sina neno lingine.

"Limechomoza," akasema.

Mwalimu mkuu alipofika, yule mtu asiyecheka hata akitekenywa, Mkaguzi alimwamuru afumbe macho. Nilijua kibarua changu kimeota nyasi. Lakini alifumba. Akavua saa yake, akaupapasa mlango kutoka chini hadi juu, na alipogusa bati akabaki ameweka kiganja pale kwa muda mrefu. Alipofumbua macho hakututazama. Alitoa leso, akapenga kamasi, akaendelea hadi darasa la tatu.

Zawadi walipata darasa la tano. Sharti lilikuwa mlango unaovutia macho, na wao walichora upinde wa mvua. Wangu walinuna kama dakika tano hivi, mpaka walipoona mstari mlangoni petu: darasa la tano wenyewe, mpira kwapani, wamefumba macho wakingoja zamu.

Jioni, wanafunzi walipokwisha kuondoka, nami nilifumba macho nikaujaribu. Sikuona chochote. Mkono ulikuwa unaparuza huku na huku. Nikasikia sauti nyuma yangu. Mkaguzi alikuwa bado kibarazani akimsubiri mama yake.

"Pole pole, mwalimu. Mkono ukikimbia hauoni."

Kisha akaniuliza kama macho yangu yanaharibika. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema hakuna, anasikia tu ninavyoligonga dawati la mwisho upande wa kushoto, kila ninapopita.

Dada, nikamwambia ndiyo. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, na unisamehe kwa hilo. Mwezi uliopita daktari wa macho aliniambia nina presha ya macho. Pembeni, hasa kushoto, kumekwisha kuingia giza. Dawa ya matone inaweza kulinda kilichobaki, ila kilichokwenda hakirudi. Nilikaa na habari hii kama kaa la moto mfukoni. Nilidhani nikiitamka tu, nitakuwa nimekwisha.

Yule mtoto hakunipa pole. Alisema basi shule ikifunguliwa tulihamishe lile dawati.

Nililia, dada, lakini si kilio cha mwezi uliopita.

Daktari amesema ugonjwa huu hutembea katika damu, na hauumi mpaka umekula. Unakumbuka baba alivyokuwa akipapasa ukuta miaka yake ya mwisho, nasi tukasema ni uzee. Kwa hiyo nakuomba, usimalize wiki hii hujapimwa. Ukiogopa nitapanda basi nije nikushike mkono; likizo ninayo, na matone yangu nimekwisha kuyafungasha.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na jirani yako mwambie zile mbegu alizonipa zimeota. Nangoja jibu lako, liwe fupi au refu, mradi liniambie umekwenda.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwalimu wa darasa la pili