Maziwa ya Farasi Juu ya Injini

Maksat, usicheke. Nimemmwagia mama mkwe ndoo nzima ya maziwa ya farasi.

Ndoo nzima. Usoni.

Ile gari ya marehemu babu, Niva, unajua nimehangaika nayo tangu baridi ianze. Leo nikafunga kabureta, nikaseti taimingi, nikawaita wakwe waje waione, maana kesho ndiyo inambeba bibi harusi wao, mdogo wa mke wangu.

Nikaingia kuwasha. Boneti iko wazi, mbele sioni kitu. Mara naona moshi. Mweupe, unapanda tu nyuma ya boneti.

Si wewe ulinitisha na habari za petroli kuvuja? Nikaruka nje, nikanyakua ndoo ya karibu, nikazunguka na kuimwaga kabla hata sijaangalia.

Kumbe ni mama mkwe, Bermet-apa, na kikaango chake cha majani makavu ya mti wa archa yanayofuka moshi, anaifukizia injini isipatwe na kijicho. Na hufukizia kila kitu, najua. Alinifukizia hata baiskeli.

Maziwa yanamchuruzika kwenye kilemba. Na aliyaleta mwenyewe, ya wageni.

Nikasema, "Mama, nilidhani unaungua." Eti unaungua. Nilitaka kusema gari.

Akajipangusa macho, akasema polepole, "Nimefukizia magari ya mtaa mzima, mwanangu. Hili ndilo la kwanza kunizima mimi."

Mke wangu alikaa chini kwa kicheko.

Baadaye nikageuza ufunguo. Ikawaka papo hapo, Maksat, bila kusukumwa, inanguruma vizuri kabisa.

Hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa wanamwosha mama nywele.