Barua Iliyokosa Salamu

Mikumi,
28 Oktoba 2024

Somo yangu Nasieku,

Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Mwanao Kitashu kifua kimepoa? Mimi ni mzima, ila magoti yananilalamikia kwa kusimama jikoni kutwa, na hawa wateja wangu wa barabara kuu hawana huruma, wanataka chai ikiwa bado maji.

Nimesikia ng'ombe amekanyaga simu yako. Nilicheka mpaka mteja mmoja akadhani namcheka yeye. Basi turudie karatasi kama enzi za bweni pale Kilosa, tulipokuwa akina Magdalena wawili dawati moja, wewe kwa jina lako la ubatizo, mwalimu akiita mmoja tunaitika wote. Bonifas wa mikate amekubali kubeba barua, maana anapita kwenu kila wiki.

Sasa mambo yetu. Mkulima ameshinda raundi ya juzi! Amebaki nyuma ya Mfugaji wako kwa pointi moja tu. Pointi moja, somo, na raundi ya mwisho inakuja nyumbani: wanaanzia Kilosa, wanapita Tindiga, wanavuka mto pale kivukoni, wanamalizia huku Mikumi. Nani angejua kwamba majina tuliyowabandika wale madereva tukiwa kidato cha pili, wewe mtoto wa ng'ombe na mimi mtoto wa mpunga, leo yangeitwa na kila mpenzi wa mbio za magari hapa mjini? Wangu ana duka la vipuri, jembe hajawahi kulishika. Wako akiona ng'ombe anapiga honi. Lakini ndiyo majina yao.

Dau ni lile lile. Atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo mwaka mzima, mbele za watu. Anza kufanya mazoezi.

Kaka Samson amenipigia, anasema ng'ombe wameingia tena mpungani mwake na maneno huko ni makali. Sijui ni ng'ombe wa nani na sitaki kujua. Yasituguse sisi.

Ni mimi somo yako,
Magdalena


Tindiga,
5 Novemba 2024

Somo yangu Magdalena,

Nakusalimu sana, na uwasalimu wote wanaokula kwako, hata wanaokula bila shukrani. Sisi wazima kiasi. Kitashu bado anakohoa, asipopata nafuu nitampeleka hospitali Kilosa. Baba yake yuko Dar kwenye ulinzi, kwa hiyo mambo yote ni mimi na baba mkwe Ntutu.

Umesema yasituguse. Huku yanagusa. Mzee Ntutu ametukataza kupita upande wa mashamba. Sokoni, wanawake niliozoea kupatana nao bei kwa kicheko siku hizi wananitazama mikono, utafikiri nimeshika fimbo. Shemeji yangu Lenku halali vizuri, kila mbwa akibweka anainuka. Sijui kama ng'ombe walioingia kwa Samson ni wetu. Nikiuliza naambiwa ninyamaze.

Ndiyo maana barua yako niliisoma mara nyingi. Tafadhali usianze kuniandikia kwa upole kama mtu anayeandikia wagonjwa. Niletee utani wako wote, maana huku hakuna anayecheka tena.

Na Mkulima wako atakula vumbi. Nitakuwa pale kivukoni nikimshangilia Mfugaji, hata kama nitajificha nyuma ya kichaka. Shikamoo yangu niandalie.

Somo yako,
Nasieku


Mikumi,
14 Novemba 2024

Somo!

Mkulima anakuja Jumapili! Safari hii hakuna msamaha. Mfugaji asijaribu kuvuka mto, maana pale kivukoni ndipo atakapomalizwa. Vijana wetu wameshajiandaa, sare wanazo, wanatoka huku alfajiri na kaka Samson atawapokea huko. Kama anajipenda akimbie mapema. Jioni mtatuamkia wote, wakubwa kwa wadogo.

Bonifas amewasha pikipiki, naishia hapa.

M.


Mikumi,
21 Novemba 2024

Nasieku,

Habari za huko. Sisi hatujambo, ila si kweli, hatujambo nusu.

Samson amevunjika mkono. Amefungwa plasta kutoka kiganjani mpaka begani, na msimu wa kulima ndio huu. Alikwenda kivukoni kutazama magari, Nasieku. Magari! Yeye na vijana wetu wamevaa fulana zao zimeandikwa MKULIMA kifuani, nilizichapisha mimi mwenyewe, wanapuliza vuvuzela. Wakakuta ng'ombe wenu wamejaa mtoni na vijana wenu wana marungu. Hakuna aliyeuliza neno. Nimeambiwa aliyempiga ni Lenku.

Waamuzi walipunga bendera nyekundu, magari yakasimamishwa kabla hayajafika. Kile kipande cha kivukoni kimefutwa, na matokeo yote wameyazuia mpaka kamati ikae. Hata sijali. Mimi nilikuwa nimekusubiri huku mwisho wa mbio, nikidhani ukitoka kivukoni utakuja, na chapati zako nimezifunika.

Nataka uniambie mlikuwa mnatafuta nini pale mtoni siku ile, siku ambayo wewe mwenyewe ulijua ni ya mashindano. Nimekasirika, sitakuficha. Nilidhani wewe ungewaambia.

Nijibu.

Magdalena


Parakuyo, kwa mama yangu,
2 Desemba 2024

Somo yangu Magdalena,

Nakusalimu. Msalimie Samson, mwambie namwombea mkono wake upone. Mimi mwili mzima, mengine utayasoma.

Barua yako ya mwisho kabla ya mbio sikuipokea. Nilikuwa Kilosa hospitali na Kitashu. Bonifas aliiacha kwa mzee Ntutu, na mzee hajui kusoma, akamwita Lenku. Lenku naye anayajua magari kama mimi ninavyoijua bahari. Akaisoma mbele ya boma zima.

Isome na wewe, Magdalena. Naomba uisome kama mtu ambaye hajawahi kutuona tukicheka. Mkulima anakuja Jumapili. Mfugaji atamalizwa kivukoni. Vijana wana sare. Akimbie mapema.

Lenku aliniambia baadaye kwamba hata hivyo mzee alisita, akamwambia asome mwanzo upya, akitafuta salamu. Mzee alisema mtu akikuandikia bila kukuuliza hata kama umeamka mzima, huyo amekwisha kukutoa katika watu. Jumamosi wakaona wageni wanafunga utepe mwekundu na mweupe pale kivukoni. Hapo shaka ikaisha.

Mzee hakutaka vita. Hilo ulijue. Alitaka kuvusha ng'ombe na watoto Jumapili asubuhi, kabla huyo Mkulima hajafika. Walikuwa katikati ya mto vuvuzela zilipolia na vijana wakatokea, neno lile lile limeandikwa vifuani. Ng'ombe walitimka. Mzee aliangukia mawe, wakampita juu. Nyonga imeumia, hatembei. Lenku ndipo alipoinua rungu.

Niliporudi kutoka hospitali niliulizwa swali moja: Magdalena ni nani? Nikasema ni somo yangu. Wakasema kumbe adui ana jina langu. Nilieleza habari za mbio mpaka sauti ikakauka, wakaona natunga. Nimerudishwa kwa mama. Kitashu wamebaki naye.

Nilikuomba utani, nawe ukanipa, kwa hiyo sijui nimlaumu nani. Lakini usiku mtoto wangu analala kwa watu wanaoamini kwamba mama yake aliwauza. Mimi sisikilizwi tena pale. Labda wewe.

Somo yako,
Nasieku


Mikumi,
11 Desemba 2024

Somo yangu Nasieku,

Nakusalimu, namsalimu mama, nawasalimu wote waliokupokea. Mmeamkaje? Mmeshindaje? Unakula? Mimi nimeamka mzima, na nakuandikia taratibu, Bonifas nimemwambia azime pikipiki.

Nilikwenda. Samson alikataa kunisindikiza, kisha akanifuata njiani, plasta yake imening'inia shingoni, tukaingia bomani pamoja. Mzee Ntutu alikuwa amelala kwenye ngozi kivulini. Nikapiga goti, shikamoo mzee. Nikarudia. Akasema neno kwa lugha yao, na Lenku akalitafsiri huku anatazama pembeni: "Barua yako haikutuamkia. Leo unamwamkia nani?"

Somo, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimebeba gazeti lenye picha za magari na ile fulana, nikaeleza yote tangu kidato cha pili. Lenku aliitazama picha. Akamuuliza Samson kama ni kweli walikuja kutazama gari tu. Samson akasema ni kweli, amevunjwa mkono kwa ajili ya gari la mtu mwenye duka la vipuri. Lenku akainamisha kichwa.

Mzee akaniuliza hao madereva hawana majina waliyopewa na baba zao. Nikasema wanayo. "Basi mbona mliwapa ya kwetu? Sisi tunafukuzana kweli. Tunazikana. Nyinyi mkachukua majina hayo mkachezea." Nililia pale pale, mbele ya Lenku, wala sikuona aibu.

Atakuja kukuchukua shemeji yako wiki ijayo, urudi kwa mwanao. Ila mzee ameweka sharti: kila barua itakayoingia bomani itasomwa mbele ya wote, na habari za magari asizisikie tena. Nimekubali kwa niaba yako. Nisamehe kwa hilo, na kwa lile kubwa zaidi.

Matokeo kamati haijayatoa. Yakitoka sitaweza kukuandikia, ila dau letu nalikumbuka.

Somo yako,
Magdalena


Mikumi,
20 Desemba 2024

Kwa boma la mzee Ntutu, Tindiga.

Mzee Ntutu, shikamoo. Naulizia hali ya nyonga yako, na kama usingizi unapatikana. Mama wa boma, shikamoo. Lenku, hujambo? Samson anakusalimu, vidole vimeanza kushika. Watoto wote hamjambo? Kitashu, kifua kimepoa?

Na wewe Nasieku, shikamoo.

Huku sisi ni wazima. Mvua imenyesha juzi na jana, barabara ina tope. Biashara inakwenda. Sina jingine, nilitaka tu kuwajulia hali.

Ni mimi,
Magdalena wa Mikumi


Tindiga,
27 Desemba 2024

Kwako Magdalena,

Mzee Ntutu anakusalimu, anajikongoja kwa fimbo mbili. Mama anakusalimu. Lenku anakusalimu, na anampelekea Samson asali, imo kwenye chupa aliyobeba Bonifas. Kitashu hakohoi, analala na mimi.

Barua yako imesomwa mbele ya wote. Lenku alipofika pale uliponiamkia alisimama, akasema huyu amekosea, Nasieku ni rika lake. Mzee akamwambia aendelee, afadhali mtu azidishe salamu kuliko kukosa. Mimi nilikuwa nimeinama namfunga Kitashu viatu. Nilimfunga, nikamfungua, nikamfunga tena, mpaka uso wangu ukatulia.

Huku pia mvua imenyesha. Nasi hatuna jingine.

Marahaba.

Somo yako,
Nasieku